Kulamba Padi Nyuma ya Ghala la Ndizi

Kuna harufu moja ambayo ikinipata popote nilipo, ulimi wangu hujikunja wenyewe kama konokono aliyeguswa. Ni harufu ya raba ya zamani iliyoshikwa na mikono mingi. Sisemi raba mpya ya viatu, hiyo haina neno. Nasema ile raba iliyokunywa jasho la watu, ikakauka, ikanywa tena, mpaka ikawa laini na ya kunata, na ukiinusa unahisi kama mtu aliyeamka sasa hivi amekupumulia usoni.

Ilinipata mwanzoni mwa muhula huu, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa shule. Ilikuwa zamu ya bweni letu kushika rimoti ya televisheni. Bosibori, rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu, akanirushia hiyo rimoti nami nikaidaka. Vidole vikanata. Nikavinusa, na sijui ni kwa nini mtu hupenda kunusa kitu anachojua kitamchafua roho, kisha nikaiweka rimoti mezani polepole kama mtu anayeweka chini panya aliyekufa.

"Kemu, nini? Imekuuma?" Bosibori akacheka.

Halafu, kwa sababu hajui kukaa kimya, akaanzisha ule mchezo wetu sisi tunaopenda gemu. Tuko wachache shuleni, lakini tupo. Unapanga moyoni gemu zako tano, kuanzia ile unayoipenda kupita zote, na wenzako wanakisia namba moja yako ni gani. Wasichana wakasogeza viti. Mmoja akakisiwa ya magari, akaruka juu akisema hata hajui kuendesha toroli. Mwingine akakisiwa ya kupika, akakasirika kweli kweli. Zamu yangu ilipofika nikasema kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuwa kinaniuma. Ni ulimi.

Nakuambia wewe unayesoma hapa kwa sababu huwezi kunikatiza, na kwa sababu usoni sikuoni. Bosibori simwambii. Ana roho nzuri lakini ana mdomo.

Nilikuwa darasa la nne. Kwetu ni Kiogoro, lakini mama alikuwa anauza ndizi mbivu Nyakoe, na shule zikifungwa alitubeba siku za soko mimi na kaka yangu Onchiri, aliyenizidi miaka mitatu. Kazi yetu ilikuwa kukaa karibu na ghala ambamo akina mama waliweka ndizi zao, tuangalie zisiibiwe. Ghala lilikuwa chumba kirefu cha mabati. Ndizi zililazwa chini, zikafunikwa kwa majani yake makavu ziive, na joto la mle ndani lilikuwa kama la tumbo la mnyama. Ukiingia ulikutana na utamu uliopitiliza, utamu wa kitu kilichokaribia kuoza, na vijidudu vidogo vikikufuata puani.

Nyuma ya hilo ghala, ukipitia mlango wa pazia la gunia, ndiko kulikuwa na gemu.

Aliyeziendesha aliitwa Ogeto, mpwa wa mwenye ghala, mtu mzima mwenye ndevu tayari, ingawa zilikuwa chache na kila moja ilielekea kwake. Alikuwa na televisheni moja juu ya kreti, mashine moja chini yake, na padi mbili, vile vidude vya vifungo vya kuchezea. Moja ilikuwa imekufa upande mmoja. Nyingine ndiyo ilikuwa roho ya mahali pale, na ndiyo ninayotaka uione vizuri kama ninavyoiona mimi, ingawa nakuonea huruma.

Ilikuwa nyeusi zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya kitu kilichotolewa kwenye bomba la kuogea. Katikati ya vifungo kulikuwa na uchafu uliojikusanya na kugandamana, makombo ya mandazi, sukari ya miwa, mafuta ya avokado. Zile fimbo mbili za kuzungusha kwa kidole gumba zilikuwa zimetafunwa raba yake. Nasema zimetafunwa kwa sababu alama za meno zilionekana. Kulikuwa na kijana mmoja mkubwa, Mokaya, ambaye mafua yake hayakuwa na msimu, na alipokuwa anakaribia kushinda alifuta pua kwa mgongo wa mkono ule ule aliokuwa ameshikia padi. Siku moja Ogeto alibonyeza kifungo na sisimizi akatoka chini yake, akasimama akatuangalia, kisha akarudi ndani. Watu walicheka. Mimi niliona huyo sisimizi anapajua kule kama kwake.

Mara moja waliponipa niishike nimpelekee mtu, niliifuta kwanza kwa sketi. Kuanzia hapo Mokaya akaniita Daktari.

Kwa gemu tuliongea Kiswahili na Sheng. Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, tuliacha nje ya pazia pamoja na mama zetu, isipokuwa mtu akikasirika, hapo kilirudi mbio. Majina ya kweli ya gemu yalikuwa ya Kizungu, nayo diski zilikuwa zimekwaruzwa hata hayasomeki, kwa hivyo tulizipa yetu. Kulikuwa na Mpira. Kulikuwa na Gari, ambayo daima ilikwama kwenye daraja. Kulikuwa na Ngumi. Juu ya zote kulikuwa na Msitu, ya askari wanaowindana kwa bunduki kwenye miti, na kelele zake zilifika mpaka kwa mama kule sokoni.

Na chini ya zote ilikuwa Kuku.

Kuku ilikuwa hivi. Mama kuku anatembea uani jioni akitafuta vifaranga vyake kabla mwewe hajashuka. Kila anayempata anamfuata nyuma, mwishowe unakuwa na msururu mrefu mdogo mdogo unaoyumba yumba, na unaupeleka kizimbani. Ni hayo tu. Ilikuwa na wimbo wa filimbi, unapanda, unashuka, na katikati, kwa sababu ya mkwaruzo wa diski, ulijikwaa kwenye sauti moja, ti-ti-ti, kama mtu mwenye kigugumizi, kisha ukaendelea. Nilikuwa sijawahi kuicheza. Wasichana tulikaa juu ya kreti nyuma, tukatazama. Lakini nilikuwa nimewatazama wengine wakiicheza hata najua kila kifaranga kinapojificha, pamoja na yule aliye nyuma ya debe la maji ambaye karibu watoto wote walimsahau.

Nyinyi ambao hamtoki kwetu lazima niwaambie kitu hapa. Kijana ambaye hajaenda jandoni kwetu ni omoisia. Akirudi ni omomura. Hilo si jina tu. Omomura haendi tena kujikunyata karibu na moto wa mama yake jikoni, hachezi na vitoto, na dada yake hawezi kumtania vile alivyomtania jana. Kumwambia omomura kwamba bado ni omoisia ni tusi ambalo hata kwa mzaha halitoki. Na mle kwa Ogeto mambo yalipangwa hivyo hivyo. Benchi la mbele, karibu na televisheni, lilikuwa la abamura, waliokwisha kwenda jandoni. Kreti za nyuma zilikuwa za abaisia, ambao bado, na sisi wasichana. Msitu ilichezwa na benchi. Kuku ilichezwa na kreti, asubuhi mapema, kabla benchi halijafika.

Onchiri alikuwa bingwa wa Kuku. Alikaa na mimi kwenye kreti, goti lake kwa goti langu, na zamu yake ilipofika alicheza ulimi ukiwa nje kidogo kando ya mdomo. Alimkumbuka daima yule wa nyuma ya debe.

Desemba hiyo alikwenda jandoni. Walimrudisha nyumbani na vijana wengine wawili wa ukoo, wakawekwa kwenye esaiga, kile kibanda cha vijana nyuma ya migomba, na mimi nikaambiwa nisikaribie. Chakula kilipelekwa na binamu. Magokoro, nyanya yetu, aliniambia nikipita kukata nyasi za ng'ombe nipite nikiangalia chini, na nisisikilize. Sasa, mtu akikuambia usisikilize, masikio hufanya nini? Jioni moja nilipita na nyasi kichwani, mvua inanyesha kidogo, na kutoka upande wa pili wa ukuta wa udongo nikasikia mluzi. Mdogo, wa mtu anayeumwa na hataki ijulikane anaumwa. Unapanda, unashuka, kisha ti-ti-ti, halafu unaendelea.

Nilisimama pale nyasi zikinimwagia maji shingoni. Nilifurahi, siwezi kueleza vizuri. Nilifikiri, kumbe bado ni yeye.

Baada ya mwaka mpya, kabla shule hazijafunguliwa, Onchiri akatoka, akavaa suruali ndefu mpya iliyomshinda kiuno, na siku ya soko akarudi Nyakoe. Alitembea mbele ya mama badala ya kando yangu. Tulipofika kwa Ogeto hakuangalia kreti kabisa. Alikwenda akakaa kwenye benchi. Mokaya akamsogelea, akamtazama juu mpaka chini.

"Wacha tuone kama huyu ni mtu," akasema. "Ogeto, mpige Kisio."

Kisio ndio ulikuwa mchezo wenyewe, na sheria zake zilikuwa za Ogeto. Mtu mmoja anamnong'oneza Ogeto sikioni namba moja yake, kwa kweli, ili asije akabadilisha. Kisha mtu mwingine mmoja anakisia. Akipata, anapewa zamu ya bure, acheze gemu anayotaka. Akikosa, analamba padi kutoka pembe hadi pembe, na Ogeto anamkagua ulimi kuona kama umechafuka kweli. Nilikuwa nimewaona vijana wakubwa wakilamba na kutema na kuapa kwamba hawatakisia tena, na baada ya muda wanakisia tena. Mimi kila mara ilipofika hapo nilitazama ukuta.

Onchiri akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la Ogeto. Ogeto alikuwa anatafuna muwa. Akaacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

"Nani anakisia?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wote walimjua Onchiri wa zamani, yule wa jandoni walikuwa hawajamjua, na hakuna aliyetaka kulamba ile kitu kwa ajili ya mtu asiyemjua.

"Si dada yake ndiye yule?" Mokaya akageuka. "We Daktari! Kuja ukisie bro wako. Ama unaogopa germs?"

Walicheka. Mimi nilikuwa sipendi kutazamwa na watu wengi, hata leo sipendi, uso unawaka na masikio yanajaa maji. Lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilisimama mwenyewe. Kwa sababu nilijua. Katika chumba chote hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Na ningepata zamu yangu ya bure, ningekaa mbele, ningecheza Kuku mimi mwenyewe, nimchukue yule wa nyuma ya debe. Nilishafuta mikono kwenye sketi.

"Kuku," nikasema.

Benchi lote likapasuka kwa kicheko.

"Ati Kuku!" Mokaya alijipiga mapaja. "Omomura mzima! Kwi, kwi, kwi! Wee, umejua aje?"

"Nilimsikia kwa..."

Sikumaliza. Onchiri alisimama haraka, suruali yake ikashuka kidogo naye akaidaka. Uso wake haukuwa wa hasira. Ningeujua wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

"Yaya!" akasema, yaani hapana kwa Ekegusii, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Uongo! Msitu. Nimesema Msitu. Ogeto, waambie."

Wote wakamtazama Ogeto. Yeye alikuwa shahidi, sikio lilikuwa lake. Alimtazama Onchiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akanitazama mimi. Akatema makapi ya muwa chini, karibu na mguu wangu.

"Amekosa," akasema. "Ni Msitu. Lamba, mtoto."

Nilisema sitaki. Sauti haikutoka vizuri. Mokaya alikuwa ameshaileta padi, ya moto bado kutoka mikononi mwake, akaishika mbele ya uso wangu kwa mikono miwili kama mtu anayenywesha ndama. Nilimtazama Onchiri. Alikuwa anatazama televisheni, na televisheni ilikuwa imezimwa.

Nililamba.

Sitakuficha ilivyokuwa. Kwanza ilikuwa chumvi. Chumvi ya watu, si ya jikoni. Halafu utamu mbaya wa muwa wa jana. Halafu ulimi ukafika kwenye ile raba iliyotafunwa, nikahisi mashimo ya meno ya watu wengine, moja baada ya jingine, nikajua kabisa kwamba mate yao yaliyokauka yanalainika tena kwa mate yangu. Kitu kidogo kigumu kilibanduka kwenye kifungo kikabaki juu ya ulimi wangu. Sikujua ni nini. Mpaka leo sijui, na kila ninapojaribu kukisia najuta kukisia. Ogeto alinishika kidevu kwa kidole, akanikagua.

"Safi," akasema. "Yaani chafu."

Wakacheka tena. Nilipita kwenye pazia la gunia, nikapita kwenye ule utamu wa ndizi zinazotaka kuoza, na nikatapika juu ya majani makavu. Mama alidhani nimekula mbivu nyingi. Alinigombeza kwa ulafi, huku akinifuta mdomo na leso yake.

Nyumbani nilisugua ulimi kwa chumvi, nikausugua kwa mkaa, nikausugua kwa kitambaa mpaka ukatoa damu kidogo. Magokoro aliniuliza kama kuna mtu nimemtukana. Nikasema hapana. Nilikataa chakula, na usiku ulipoingia nilikuta ndizi mbivu moja, ile ndogo tamu ninayoipenda, imewekwa kizingitini mwa jikoni. Nilijua ni nani aliyeiweka, kwa sababu ni mmoja tu nyumbani, omomura wetu, ambaye sasa aliishia kizingitini. Niliichukua nikaipeleka kwa mbuzi.

Lakini hilo la kulamba silo lililonikaa. Nimeshakula vibaya kuliko hivyo, chakula cha bweni ukikijua utanielewa. Kilichonikaa ni kwamba niliamini nimekosa. Ogeto alikuwa na sikio, Ogeto alisema ni Msitu. Basi mluzi niliousikia ulikuwa wa mmoja wa wale vijana wawili, au ulikuwa mvua kwenye mabati, au niliutunga kwa kuutaka. Ile ti-ti-ti niliyoisikia kwa masikio yangu haya, nikaacha kuiamini. Na mtu akishaacha kuamini kitu kimoja alichokisikia wazi, vingine hufuata. Darasani mwalimu akiuliza, na mimi nimejua jibu, najua kabisa, mkono unaanza kupanda halafu ulimi unaonja chumvi. Mkono unashuka. Ripoti zangu zote zinasema ni mtulivu. Mama anafurahi na hilo neno.

Sasa nikupeleke Desemba iliyopita, halafu nitanyamaza.

Mdogo wetu wa mwisho, Nyakundi, ndiye aliyekuwa anajiandaa kwenda jandoni, na boma lilikuwa limejaa. Wajomba walikuwa nje wakifunga turubai na kubishana kuhusu kamba. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za kupika, mikono imeganda utomvu. Onchiri, ambaye sasa ni mwanafunzi wa chuo na suruali zinamtosha, alikuja akasimama kizingitini kungoja chai. Haingii. Anaegemea mlango, nusu ndani, nusu nje. Alikuwa anaangalia simu yake bila kuitazama, na bila kujua akaanza kupiga mluzi.

Ukapanda. Ukashuka. Ti-ti-ti.

Kisu kilisimama.

"Hiyo ni Kuku," nikasema.

Mluzi ukakatika. Alikuwa amesahau kwamba niko.

"Hiyo ni Kuku, na hiyo ni ya diski ya Ogeto, ile iliyokwaruzika. Hakuna mahali pengine inajikwaa hapo."

"Kemu, we unakumbuka vitu..."

"Jibu."

Sijui nilipata wapi hiyo sauti. Labda ni kisu. Aliangalia nje, kisha akaangalia sufuria.

"Nilimwambia Kuku," akasema.

"Ulimwambia nani?"

"Ogeto. Siku ile. Nilimnong'oneza Kuku. Si sheria ilikuwa useme ukweli? Nilisema ukweli."

Maji ya ndizi yalikuwa yananidondoka kiwikoni.

"Sasa uliposema wewe, nikaona vile wananicheka. Na ulikuwa karibu kutaja esaiga, Kemu. Mbele ya watu. Nikasema Msitu. Nikajua Ogeto atanikataa, nitaaibika mara mbili. Lakini hakunikataa." Alijaribu kutabasamu. "Baadaye aliniita nje akaniambia, 'Nimekuokoa, omomura.'"

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilimshukuru."

Unajua, mtu anaweza kutapika bila kitu kutoka. Mwili unafanya kila kitu, tumbo linapanda, macho yanajaa, na hakuna kinachotoka kwa sababu kilichokuwa kinatakiwa kutoka kilishameng'enywa zamani. Ndivyo nilivyokuwa. Niliwaona wote upya. Nilimwona Ogeto mwenye ndevu zake, mtu mzima, anatafuna muwa na anapima kati ya kijana mmoja asichekwe na mtoto wa darasa la nne alambe, na haimchukui hata muda wa kumaliza muwa. Nilikuwa nimepata. Miaka hiyo yote nilikuwa nimepata. Nilistahili kukaa mbele na kushika ile padi kwa mikono, kama mtu, wala si kwa ulimi.

Na nilimwona Onchiri pia, na hapa ndipo inaponikera zaidi, kwa sababu nilitaka kumchukia peke yake nikashindwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na suruali inayomdondoka. Nilidhani namtaja kwa upendo. Nilidhani nawaonyesha jinsi ninavyomjua ndugu yangu. Sikujua kwamba neno moja, jina la gemu ya kukusanya vifaranga, lingeweza kumrudisha kwenye kreti mbele ya watu wote baada ya yale aliyovumilia kule kibandani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita nje ya ukuta ule na kuusikia uchungu wake, na nikautumia kukisia. Hayo sikuyaelewa nikiwa na sketi yangu ya kufutia padi. Nayaelewa sasa, na kuyaelewa hakujaniondolea kichefuchefu. Watu husema ukielewa unasamehe. Mimi nimeelewa tu.

"Na sasa?" nikamuuliza. "Ukipanga leo. Namba moja yako ni gani?"

Ni mtu mkubwa. Ana ndevu nyingi kuliko za Ogeto. Nyakundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, kwa mara zake za mwisho, anakula kiazi na kutusikiliza. Onchiri aligeuka kwanza, akatazama uani ambako wajomba walikuwa na turubai lao, akahakikisha kila mmoja amempa mgongo. Kisha akaingiza kichwa jikoni, kichwa tu, miguu ikabaki nje, akaniletea mdomo karibu na sikio.

"Kuku," akanong'ona.

Nilimpa chai yake. Nikaweka kisu chini, nikatoka kwa mlango mwingine mpaka kwenye mtungi wa maji, nikasukutua. Nikatema. Nikasukutua tena. Nyakundi alikuwa amenifuata.

"Umekula nini?" akaniuliza.

"Sijala kitu."

Akasimama hapo na kiazi chake, ananitazama nikitema maji safi.

"Kemu," akasema, "Kuku ni gemu gani? Ni ya kupigana?"

Nilifuta mdomo. Kutoka pale tuliwaona wajomba vizuri, nao walituona. Nikamwambia, na sikushusha sauti, kwamba si ya kupigana, kwamba ni ya mama kuku na vifaranga vyake, kwamba kuna mmoja nyuma ya debe la maji ambaye kila mtu humsahau, na kwamba ni namba moja yangu ingawa sijawahi kuicheza hata siku moja.